Reli ya Bafuni kwa Dalali

"Ishirini," alisema Dalali, akaziweka noti mbili za elfu kumi kumi juu ya meza ya kioo kama anayemtupia paka mfupa. "Chukua ishirini tuachane vizuri."

Nikamwambia hesabu yetu si ya ishirini. Tulipatana elfu sitini kufunga reli ya bafuni, akatanguliza kumi na tano, imebaki arobaini na tano. Hesabu hiyo haihitaji kalamu. Akacheka kile kicheko chake cha kuuzia watu viwanja vinavyojaa maji, akasema fundi wangu, wewe unaijua hali ilivyo, hakuna bei isiyopungua.

Yangu haipungui. Ndiyo maana mtaani wananiita Bei Moja. Ufundi sikuusomea popote, nilijifunza kwa kuharibu kuta zangu mwenyewe mpaka nikaacha kuziharibu. Nikikutajia sitini ni sitini, sijaweka juu yake za kupunguziwa. Mtu akianza kunikata bei huwa napanda moto kabla hajamaliza sentensi, na mke wangu anasema iko siku presha itanilaza chini. Lakini jioni ile hasira haikuwa peke yake. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mzito.

Ulikuwa umeshikwa.

Hilo la mkono nitalieleza. Kwanza nimalize la Dalali, maana alipoona bei haishuki akabadilisha wimbo. Akasema reli yenyewe imekaa upande. Nikatoa pima maji kwenye mkoba nikamwambia haya, twende bafuni sasa hivi tukaipime, kile kipovu kikitoka katikati sitaki hata senti, na kumi na tano yako nakurudishia. Dalali akautazama mlango ulio mwisho wa korido. Akalamba midomo.

"Hakuna haja," alisema.

Mtu analalamikia reli, halafu hataki kwenda kuiona. Iko nyumbani kwake, hatua chache kutoka kwenye kochi lake. Nikamtazama vizuri. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo, na feni inazunguka.

Siku niliyoifunga nilifika jua linakwenda zake, kwa sababu mchana nilikuwa na sinki la watu lililoziba. Dalali alinipokea getini mwenyewe. Akanionyesha reli: bomba la chuma kisichoshika kutu, fupi, zito, la kulaza ukutani kando ya shawa ili mtu ashikilie anapooga. Akasema ni kwa ajili ya mama mkwe, anakuja kukaa nao. Nikasema vizuri, wakwe watunzwe. Mama mkwe mwenyewe sikumwona, wala mkoba wake.

Bafu lilikuwa safi kupita kiasi. Hapakuwa na taulo, mswaki, wala kile kipande cha sabuni kinachobaki chembamba kila mtu anakidharau. Sakafu ilikuwa kavu, na kwenye tundu la kutolea maji buibui alikuwa ameshajenga. Nyumba ina watu tele, mwanamke mmoja anapika jikoni, watoto wanagombania rimoti, na bafu halijaogewa sijui tangu lini. Nikajisemea watu wana mambo yao.

Kulikuwa na harufu tu.

Dawa ya kuchua. Ile kali ya wazee wenye magoti mabovu, inayopanda puani mpaka machozi yakakutoka. Bafu kavu, tupu, na harufu mbichi kama mtu ametoka kujipaka sasa hivi.

Kabla sijatoboa ukuta huwa naugonga kwa kifundo cha kidole, kigae kwa kigae, nisikie wapi pamejaa na wapi pana uwazi, na bomba la maji limepita wapi. Na nina upuuzi wangu wa siku zote ambao wateja wengine huucheka: nikishapata mahali, nagonga mara ya mwisho na kusema hodi. Unaingia kwenye ukuta wa mtu. Hodi si gharama.

Nikagonga. "Hodi."

"Karibu..."

Sauti ya mwanamume. Ya chini. Ya mtu aliyechoka kusimama.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Dalali nilikuwa namsikia sebuleni, yuko kwenye simu, anamwapia mtu kwamba kiwanja hakina mgogoro. Nikaurudia ukuta, nikauwekea sikio. Kigae kilikuwa baridi, na nyuma yake...

Pa.

Kimya kidogo. Kisha pa... pa... kama kiganja kinachopapasa, kinatafuta kitu, hakikipati, kinasogea mbele.

Fundi mwingine angefungasha. Mimi hasira ndiyo iliyotangulia. Nilidhani ni mchezo wa Dalali, anataka nitishike, nilipue kazi, apate sababu ya kunikata. Nikabandika utepe kwenye kigae ili ncha ya drili isiteleze, nikaanza taratibu, bila kuweka mpigo wa nyundo, kwa sababu kigae ukikipiga kinapasuka. Nilipokivuka nikaweka mpigo. Vumbi likatoka vizuri, jeupe, kisha jekundu la tofali. Kisha likakoma.

Ukatoka upepo.

Kwenye kitundu kisichopita kidole, upepo wa uvuguvugu, na ile harufu ya dawa ndani yake. Ukatoka, ukakatika. Ukatoka tena. Kila mtu anajua pumzi ya mtu mwingine ilivyo ikimpiga usoni. Nikaokota kile kijiti cha plastiki cha kushikia skrubu, tunakiita fisha, nikakichomeka kwenye tundu na kukigonga kwa nyundo mpaka mwisho.

"Mimi nimekuja kazini, bwana," nikauambia ukuta. "Yenu mtayamaliza wenyewe."

Matundu mengine hayakuwa na neno. Nikapachika reli, nikakaza skrubu zote kwa mkono, maana mashine hukaza kupita kiasi ikavunja kigae. Nikapima. Kipovu katikati.

Sasa, mimi reli siikabidhi kabla sijaning'inia juu yake. Wako wanaoivuta kwa vidole viwili halafu wanaomba hela. Mimi naishika, nakunja magoti, naiachia uzito wangu wote, ikitoka nitoke nayo mimi, asije akatoka nayo mama wa watu ana sabuni machoni. Kila aliyewahi kunipa kazi anajua hilo. Dalali alilijua pia. Ndilo alilonisifia siku aliyonitafuta, akasema nasikia wewe hushika kwanza mwenyewe, na mimi nikavimba kichwa.

Nikaishika kwa mkono wa kulia. Nikaning'inia.

Haikutikisika.

Kisha kikaja kiganja juu ya kiganja changu.

Kilikuwa kimelowa. Baridi. Ngozi imelegea ya uzeeni, lakini ndani ina sugu za mtu aliyefanya kazi. Kikateremka polepole mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu, kikanizunguka, vidole vinne upande huu, gumba upande ule. Kikakaza. Na uzito ukaja... uzito wa mtu mzima anayejishikiza ili asianguke.

Sikupiga kelele. Nilitukana, tusi ambalo siliandiki hapa, nikavuta mkono wangu. Ulikuja. Na aliyeushika akaja nao.

Mlango wa bafu ukasogea kidogo. Dalali hakuingia. Alisimama mbali, kwenye korido, akanong'ona:

"Umeshaishika?"

Umemaliza, hakuuliza. Imekaa vizuri, hakuuliza. Nikamjibu ndiyo, nimeishika. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Akasema hesabu tutamaliza kesho, leo mfuko hauko sawa, akanisindikiza mpaka nje ya geti na kulifunga nyuma yangu kwa komeo, halafu na kufuli. Mtu niliyekuwa nimetoka kumfanyia kazi.

Kesho ikawa na kesho yake. Nikipiga simu hapokei, akipokea anasema yuko na mteja.

Nyumbani, asubuhi, mke wangu aliniita kwa sauti ndogo, na yeye si mtu wa sauti ndogo. Chumba chetu nimekipaka rangi ya krimu mwenyewe. Juu ya krimu hiyo palikuwa na alama za kiganja, bado zimelowa. Zilianzia mlangoni, zikafuata ukuta kwa kimo cha kiuno, moja, mbele yake nyingine, mbele yake nyingine, mpaka upande wangu wa kitanda.

"Baba watoto," alisema, "umemleta nani humu?"

Nikasema ni unyevunyevu. Akaniuliza tangu lini unyevunyevu una vidole. Akaniambia kama kuna mahali nimechukua kitu cha watu nikirudishe, na kama kuna mahali nimeacha kitu changu nikakidai. Nikamwambia cha kwangu kiko kwa Dalali. Akasema basi kinaanzia huko.

Nikipanda ngazi ikabidi niwe nasubiri. Natangulia mguu mmoja, mkono unavutwa chini, nangoja, ndipo naweza kunyanyua mwingine. Kama unavyompandisha mgonjwa. Dukani, kwa muuza vifaa ninayenunua kwake miaka yote, nikaegemea kaunta kuagiza misumari. Jamaa akazunguka, akavuta kiti. Nikamshukuru, nikataka kukaa.

"Si wewe," aliniambia, taratibu, kwa adabu. "Mzee."

Nikamuuliza mzee gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi. Halafu akatazama tena pembeni yangu, uso ukambadilika, akakirudisha kiti chake nyuma ya kaunta. Misumari alinipa bure. Sikuipokea, nikamlipa.

Basi ndivyo nilivyofika kwenye sebule ya Dalali, na ndiyo hali niliyokuwa nayo wakati ananitupia ishirini. Alipokataa kwenda bafuni akaongeza tano, ikawa ishirini na tano, akasema hapo amejikaza. Nikaondoka mbele yake, nikatoka kwa mlango wa uani kupata hewa, maana nilikuwa karibu kuipasua ile meza, na meza ya mtu ukiipasua inalipwa.

Uani alikuwepo yule mwanamke niliyemwona jikoni siku ya kazi. Nyumba nzima inamwita Shemeji: mjane wa kaka mkubwa wa Dalali. Alikuwa anasugua sufuria, giza ndiyo kwanza linaingia. Aliponisikia akanyanyua uso. Hakunitazama mimi. Alitazama upande wangu wa kulia, chini kidogo ya bega.

Akaiweka sufuria chini bila kuigonga. Akajifuta mikono.

"Bado anachechemea?" alinong'ona.

Nikamuuliza nani, ingawa nywele za shingoni zilishanijibu.

"Mume wangu."

Akanisimulia huku anatazama mlango. Mumewe aliendesha malori mpaka magoti yakakataa. Kiinua mgongo chake alikiweka kwa mdogo wake amtunzie, kwa kuwa mdogo ndiye mjuzi wa pesa. Kila asubuhi anachuliwa dawa, kila jioni anakwenda kuoga kwa kupapasa ukuta. Akamwomba mdogo wake amfungie kitu cha kushika bafuni. Cha pesa zake mwenyewe. Dalali akasema sawa, anatafuta cha bei rahisi. Wakati mzee anateleza, Dalali alikuwa bado anatafuta cha bei rahisi. Shemeji alikuwa hapo uani. Alisikia kiganja kikishuka kwenye vigae, pa, pa, pa, kisha kishindo.

Tangu mazishi hakuna aliyeweza kuoga mle. Jua likizama tu, ukuta unapapaswa. Dalali akaleta mganga. Yule mtu alijifungia bafuni peke yake na ndoo ya saruji, akang'oa vigae, akavirudisha, na alichokiweka nyuma ya vigae Shemeji hakukiona. Aliyoyasikia dirishani ni nusu nusu. Kwamba mzee anataka alichonyimwa, apewe. Ila apewe kwa mkono wa mtu wa nje, asiyejua, na mtu huyo awe wa kwanza kuishika reli. Na kwamba kazi isiyolipwa ni mali ya aliyeifanya.

"Ukilipwa yote, reli ni ya nyumba hii," alisema. "Na aliyekushika anarudi humu kwake. Usipolipwa..."

Akautazama mkono wangu wa kulia.

Nikamuuliza, na ulimi wangu haukuwa na adabu, kwa nini hakunitahadharisha siku ile, na alikuwa hapo jikoni akiniona napita na drili. Machozi yalimlengalenga lakini hayakuanguka.

"Nilitaka apate cha kushika," alisema. "Hata kama ni mkono wako."

Ningekuwa mtu mpole ningelia naye. Mimi nilichokisikia moyoni ni moto. Mganga na saruji yake, Dalali na kicheko chake, wote wamekaa wakapanga, wakatafuta mjini pote mtu mwaminifu kwenye kazi yake, kwa sababu mwaminifu ndiye anayeshika kwanza. Uaminifu wangu ndio waliounyemelea. Nikageukia upande wangu wa kulia, mahali pasipo na mtu.

"Kaka," nikasema, "twende."

Mkono ukavutwa. Nikangoja. Tukaingia.

Dalali alikuwa ameshawasha taa na kuzirudisha noti mfukoni. Nikasimama kwenye mlango wa sebule, nikaujaza. Sikupandisha sauti, na wanaonijua watakwambia hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nikamwambia nimejua. Akauliza umejua nini, fundi wangu, wanawake wa humu wana maneno mengi. Nikamwambia sikuja kuhukumu kesi ya ndugu wawili, nimekuja kuchukua changu, na hatutoki hapa mlangoni kabla sijakipata.

"Hamtoki?" Aliuliza polepole. "Wewe na nani?"

Ukuta ndio uliomjibu.

Pa.

Nyuma ya bega langu, kwenye rangi nyeupe ya sebule. Mkono mmoja ulikuwa kwangu. Mwingine ulikuwa huru.

Pa... pa...

Alama ikatokea karibu na swichi ya taa, imelowa, inachuruzika. Mbele yake nyingine. Harufu ya dawa ikajaa chumbani mpaka macho yakaniwasha. Watoto chumba cha pili wakazima televisheni. Dalali akarudi nyuma mpaka magoti yakagonga kochi, akakaa bila kutaka.

"Kaka..." alisema, na hakuwa ananiambia mimi.

"Arobaini na tano," nikasema.

Akatoa zile noti mbili. Akazinyoosha, nikapokea ya kwanza kwa mkono wa kushoto. Kidole kidogo kilichonikaba kifundo kikanyanyuka. Nilikisikia kikibanduka, kama plasta inavyobanduka kwenye ngozi. Nikapokea ya pili. Kikanyanyuka cha pete.

Dalali akajikuna kifundo cha mkono wake wa kulia.

Akatoa ya tatu. Kikatoka cha kati. Damu ikaanza kurudi kwenye vidole vyangu, inachoma. Shemeji alikuwa ameshafika kwenye mlango wa korido, ameshika kitambaa cha vyombo, hatazami pesa. Ya nne Dalali alichelewa nayo. Aliitazama, akaitazama pochi, akaukunjua mkono wake wa kulia na kuukunja, kama umekufa ganzi. Shati lilikuwa limeanza kulowa kwenye pindo la mkono. Nikanyoosha kiganja. Akanipa.

Kikatoka cha shahada.

Likabaki gumba. Limekandamiza pale pale kwenye mshipa, zito, baridi, halina haraka.

Na Dalali akafunga pochi.

Niliyaona macho yake. Yalikuwa yameogopa, lakini nyuma ya woga yalikuwa yanapiga hesabu, kwa sababu mtu hubaki na kazi yake hata pale asipopaswa. Alijua kwamba mradi kuna deni lililobaki, kuna kidole kilichobaki mkononi mwangu. Akaisukuma pochi chini ya paja lake, akajaribu kutabasamu.

"Fundi wangu," alisema, "hizo tano nisamehe. Tano ni nini? Kila biashara ina kupunguziana."

Ukutani pakawa kimya. Maji yalikuwa yanadondoka sakafuni, ndo... ndo... kutoka kwenye mkono wa nani, sikutaka kutazama. Nikazikunja noti nne, nikazitia mfuko wa shati. Nikaweka mkoba wa vifaa chini, katikati ya mlango, nikaukalia.

"Imebaki elfu tano," nikamwambia. "Nipe."